Bonn, London, Washington au Peking: ungekuwa Ikulu mwaka 1965, ungesaini na nani?

Kijiweni ubishi huu hauishi. Mmoja anasema Mchina ndiye rafiki wa kweli, alitujengea reli wakati wengine wametukatalia. Mwingine anamjibu kwamba mkopo ni mkopo, awe Mchina au Mzungu, na mwisho wa siku anayelipa ni mjukuu. Wote wawili wanasahau karatasi zenyewe. Hapa nimejaribu kuzipanga karatasi hizo ubavu kwa ubavu: makubaliano ambayo Tanganyika, kisha Tanzania, iliyapata au kuyakosa kwa mataifa makubwa kati ya 1961 na 1971, wakati nchi ikiwa changa na wakubwa hao wakigombana wenyewe kwa wenyewe.

Tahadhari mapema: sipimi kwa riba. Riba ndiyo rahisi kuitazama, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mimi natazama mambo matatu. Siku mkikosana, nani anabaki ameshika nini? Mkataba unaisha lini? Na anayekupa anataka nini ambacho hakikuandikwa?

Kwanza, karatasi tulizorithi

Kabla ya kuchagua wa kusaini naye, nchi changa inakuta kabati limejaa saini za mtu mwingine. Uingereza ilikuwa imesaini mengi kwa niaba yetu. Desemba 1961 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ikamweleza msimamo wake: mikataba ya pande mbili iliyofungwa na Uingereza itaendelea kuheshimiwa kwa miaka 2 tangu siku ya Uhuru. Ndani ya muda huo, anayetaka uendelee aje tuzungumze. Baada ya hapo, usiojadiliwa upya utahesabika umekufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa yenyewe ingeubakiza hai. Wanasheria wa kimataifa wanaujua msimamo huo kwa jina la Nyerere mpaka leo.

Ulikuwa na kazi ya kufanya. Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Nile, yale yaliyoipa Misri sauti ya kuzuia kazi kwenye mito na maziwa yanayoulisha mto huo, Ziwa Victoria likiwemo.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Wabelgiji. Mwaka 1921 Uingereza iliwakodisha maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Kodi: faranga 1 kwa mwaka. Muda: milele. Hoja ya Tanganyika ilikuwa nyepesi kueleweka hata kwa mtu asiyesoma sheria. Uingereza ilipewa nchi hii kuisimamia tu, na msimamizi wa mirathi hawezi kuligawa shamba la yatima milele kisha akaondoka zake.

Mwaka 2023, Watanzania walipobishana mitandaoni na bungeni juu ya makubaliano ya bandari na Dubai, swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa hilohilo la ukomo. Baadhi ya wachambuzi walilichukulia kama ushamba wa watu wasiosoma mikataba. Mimi nilimkumbuka Mbelgiji na faranga yake.

Bonn: mkono mwepesi kutoa, mwepesi kurudisha

Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na makao makuu Bonn, ilikuja mapema na kwa ukarimu. Ilikubali kutufundishia kikosi cha anga na kusaidia doria ya pwani, achilia mbali misaada ya kiraia. Kasoro yake haikuwa kwenye karatasi yetu bali kwenye kabati lao. Walikuwa na kanuni iliyoitwa ya Hallstein: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki, Bonn inavunja nayo uhusiano.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ilishaitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani hao walikuwa na mipango ya kujenga nyumba za ghorofa Unguja. Ikaja tarehe 26 Aprili, Muungano. Nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili, mmoja Dar es Salaam, mwingine ng'ambo ya maji, na kila mmoja anasema mwenzake hayupo.

Mwalimu alitafuta njia ya kati: ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar ufungwe, badala yake wapewe ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kuwa dola. Bonn ikaona hata hilo limezidi. Februari 1965 ikaondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu akawajibu kwamba kama ni hivyo, wachukue na ule uliobaki wa serikali kwa serikali.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha kiburi, kiburi kizuri au kibaya kutegemea msimuliaji. Mimi naona ni hesabu. Mtu akikunyang'anya nusu ya zawadi ili ujifunze adabu, nusu iliyobaki si zawadi tena, ni kamba. Na tazama nani aliziba pengo jeshini: Kanada. Nchi ya Magharibi, ndiyo, lakini isiyo na kesi ya aina hiyo na mtu. Kama unachagua wa kukufundishia askari, hilo ni jambo la kuandika pembeni.

London: hapa tulivunja sisi

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Mawaziri wa OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, wakaipa Uingereza mpaka 15 Desemba: ikishindwa kuuzima uasi huo, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano. Siku ilipofika ni nchi chache tu zilizotimiza. Tanzania ilikuwa mojawapo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekubaliwa ukagandishwa. Uhusiano ulirudi 1968.

Kwa haki, kisa hiki kisiwekwe kapu moja na cha Bonn. London haikutuwekea sharti kisha ikakasirika. Sisi ndio tuliotoka mezani, tukijua kuna pesa mezani. Kwa kipimo changu cha kwanza, karatasi ya London ilikuwa ya kawaida: fedha ambazo hazijatolewa hubaki kwa mwenye nazo.

Washington: ugomvi mkubwa, barabara imejengwa

Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja Dar es Salaam na mwingine Zanzibar. Yule wa Zanzibar alikuwa Frank Carlucci, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais Reagan. Marekani nayo ikamtimua Mtanzania mmoja, mabalozi wakaitwa nyumbani. Miezi michache kabla, Dar es Salaam ilishatikiswa na madai ya njama ya Wamarekani yaliyotokana na barua zilizozua maswali mengi kuliko majibu.

Ungetegemea hadithi iishie hapo. Haikuishia. Shirika la misaada la Marekani liligharamia sehemu kubwa ya barabara ya Tanzam, kutoka pwani kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa hadi Mbeya na mpakani, Benki ya Dunia na Sweden zikichangia vipande vingine. Kwa nini Marekani ijenge barabara kwa nchi iliyowafukuza watu wake? Kwa sababu Zambia, baada ya uasi wa Smith, ilikuwa inasongwa koo: shaba yake ilikuwa ikipita reli ya kusini, na mafuta yake yalitoka huko huko. Washington haikutaka reli ya Wachina, na njia ya heshima ya kuipinga reli ni kujenga barabara. Hicho ndicho kilichokuwa hakijaandikwa.

Kwetu sisi hilo lilikuwa bahati. Mtu anayekupa kitu kwa sababu ya mpinzani wake hawezi kukunyima kirahisi, maana akikunyima anamwachia uwanja. Barabara ilimalizika kabla ya reli. Italia, ambayo hatuitaji sana kwenye ubishi wa kijiweni, ilishajenga bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi 1968.

Peking: hapa lazima tukae kidogo

Beijing wakati huo tuliiita Peking. Mkataba wa urafiki ulisainiwa huko 20 Februari 1965, Mwalimu akiwa ziarani, mwezi uleule Bonn ilipokuwa inafunga mikoba. Juni Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilishasema mwaka mmoja kabla kwamba reli ya kwenda Zambia haitalipa. Wachina walisema watajenga.

Makubaliano ya nchi tatu yalisainiwa Peking 5 Septemba 1967, masharti ya fedha yakakamilishwa 1970: yuan milioni 988, bila riba, kulipwa kwa miaka 30, Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Malipo yaweza kufanywa kwa fedha za kigeni au kwa bidhaa ambazo Uchina itazikubali. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, njia ikakamilika 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20, mengi yakiwa kati ya Mlimba na Makambako ambako mlima na matope vilishirikiana. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi hiyo. Makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Sasa kifungu ambacho kijiweni hakitajwi. Kujenga reli kunahitaji shilingi na kwacha pia, si yuan tu: vibarua walipwe, chakula kinunuliwe, kokoto zisombwe. Uchina haikuleta shilingi. Ilileta bidhaa kwa mkopo, tukaziuza madukani kupitia mashirika ya biashara ya serikali, na shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipa kazi. Kwa maneno mengine, kila aliyenunua sufuria alikuwa anachangia tuta la reli. Ndiyo maana nyumba nyingi za miaka ile zilijaa chupa za chai zenye maua. Ya kwetu ilikuwa na tausi, na mfuniko wake ulipotea mimi sijazaliwa.

Hiyo ndiyo bei ya "bila riba". Mwaka 1971 Uchina iliipita Uingereza ikawa nchi inayotuuzia bidhaa nyingi kuliko zote. Haikuwa kwa sababu Watanzania walilinganisha bei wakachagua. Mkopo ndio ulioamua duka. Nchi inayoagiza sana kutoka mahali pamoja kwa ajili ya mkopo inapunguza uagizaji wa mahali pengine, hata kama huko kuna bei nafuu au mashine inayoitaka.

Na lile lisiloandikwa? Kiti. Uchina ilitaka kiti chake Umoja wa Mataifa, na Oktoba 1971 ilikipata, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliosimamia azimio hilo na balozi wetu Salim Ahmed Salim akiwa mstari wa mbele. Mwaka 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu. Marekani ikampigia kura ya turufu duru baada ya duru, Uchina nayo ikamzuia Kurt Waldheim vivyo hivyo, mpaka akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Ukiandika faida na hasara za Peking, mstari huo uingie pia, ingawa hakuna mhasibu anayejua auweke safu gani.

Kwa kipimo changu cha kwanza, hata hivyo, karatasi ya Peking inashinda. Tuta likishalala chini, hakuna wa kulirudisha. Hapakuwa na kifungu cha kambi ya jeshi wala cha kukabidhi reli kwa mkopeshaji tukishindwa kulipa. Mwenye reli ni mamlaka ya nchi mbili.

Udhaifu wake ulikuwa wa kiufundi, nao ulichukua miaka kuonekana. Injini za kwanza za Kichina zilishindwa na milima. Miaka ya 1980 zilikuja nyingine zenye nguvu zaidi, zilizotengenezwa na Krupp. Ndiyo, wa Ujerumani Magharibi. Ilichukua chini ya miaka 20 kwa Bonn kurudi kwa mlango wa karakana.

Kisha kuna upana wa njia. TAZARA, yaani reli hii ya Mchina, ni milimita 1,067 kama reli ya Zambia na za kusini. Reli ya Kati yetu ni 1,000. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa kuliko wa kihandisi: reli inatazama kusini, kwa nchi ambazo zilikuwa hazijakombolewa. Dar es Salaam ikabaki na reli mbili zisizoweza kubadilishana behewa.

Brussels: mkataba usioimbwa

Wakati macho yote yako kwenye mahandaki, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zinafunga mkataba wa kweli wa biashara na Soko la Pamoja la Ulaya. Ulisainiwa Arusha 1968, ukafa kabla ya kuidhinishwa na wote. Ukasainiwa tena Arusha 1969, ukaanza kutumika 1971. Bidhaa zetu nyingi ziliingia Ulaya bila ushuru, lakini kahawa, karafuu na mananasi ya kopo viliwekewa viwango ili visiwabane makoloni ya zamani ya Ufaransa yaliyotangulia. Angalia tena orodha hiyo: kahawa na karafuu. Yaani mlango ulifunguliwa wazi kwa tusivyokuwa navyo vingi, ukaachwa nusu kwa tulivyonavyo. Nasi tukatoa nafuu ya ushuru kwa baadhi ya bidhaa zao. Mwaka 1975 Mkataba wa Lomé ukachukua nafasi yake, kwa masharti bora kiasi. Sina mengi ya kuusemea.

Basi ungechagua nani?

Inategemea una shida gani.

Kama wewe ni Zambia ya 1966, ghala limejaa shaba na mpaka wa kusini unakunyima usingizi, huwezi kungoja reli ya miaka kumi. Chukua barabara na bomba. Lori linaanza kupita hata lami haijafika. Gharama yake utaikuta kwenye matairi, dizeli na viraka, tena utailipa mwenyewe kila mwaka kwa fedha za kigeni. Na kwa kweli hadi leo mzigo mwingi wa Zambia unapita juu ya lami ile.

Kama wewe ni Tanzania na unataka kufungua Kilombero na nyanda za kusini, barabara peke yake haitoshi. Reli ilipeleka vituo mahali ambapo hapakuwa na hata duka. Chukua Peking, lakini kabla ya kusaini kifungu cha bidhaa, kaa na mkopeshaji mgombanie orodha: mashine ngapi, sufuria ngapi. Pia usiamini makadirio ya tani. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufika huko. Mwaka 1978, miaka 2 tu baada ya makabidhiano, msongamano wa reli na bandari ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Zambia kurudi kupitisha mizigo Rhodesia.

Kama unachotaka ni mwalimu wa jeshi, usimwite mtu ambaye ana vita na jirani yake nyumbani. Ita wa tatu.

Na kama watoaji wawili wanagombana, usiwaombe kitu kimoja. Waombe vitu viwili vinavyokwenda mahali pamoja. Sina hakika kama Mwalimu na Rais Kaunda wa Zambia walipanga hivyo tangu mwanzo, au mambo yalijipanga, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwisho wa siku njia moja ya Dar es Salaam–Zambia ilikuwa na reli ya Mchina, barabara ya Mmarekani na bomba la Mwitaliano.

Ubishi umerudi, safari hii na Lobito

Reli ya Benguela, inayotoka kwenye shaba kwenda bandari ya Lobito kule Angola, ilifungwa kwa vita mwaka 1975, mwaka uleule reli yetu ilipokamilika. Leo Marekani na Umoja wa Ulaya wanaisukuma Lobito, na Uchina imeahidi kuifufua TAZARA. Zambia imesaini kotekote: makubaliano ya Lobito Oktoba 2023, ya TAZARA Septemba 2024 mjini Beijing. Kwa mwenye shaba huo ni mchezo mzuri. Bei ya upande mmoja ikipanda, anageuza behewa.

Sisi wa Dar hatuna Lobito. Tuna bandari, tuna reli ya milimita 1,067, ya 1,000 na sasa SGR ya 1,435, na mteja mkubwa ambaye anaweza kwenda kwa mwingine.